Kupima kama mfumo wa kompyuta unafundisha kazi kweli

Mwuzaji wa programu za mafunzo akija chuoni huja na skrini safi, michoro inayozunguka, na kauli kwamba wanafunzi wanaipenda. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na bado fundi akatoka darasani hajui aanzie wapi paneli ikigoma. Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara, mkufunzi wa karakana au ofisa mafunzo wa kiwanda anayetaka kujua, kwa namba alizozipata mwenyewe, kama mfumo alioletewa unastahili fedha. Mfano ni mmoja mwanzo hadi mwisho: kuwafundisha mafundi umeme kutafuta hitilafu kwenye stata (kifaa cha kuwashia mota) ya mota ya fezi tatu, ile ya kuwasha moja kwa moja. Anayefundisha uuguzi au uhasibu abadilishe kifaa tu; utaratibu ni uleule.

Kwanza, jua umeletewa mfumo wa aina gani

Fundi anabonyeza batani ya kuwashia, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya koili ili kuipelekea mota umeme) haivuti. Saketi ya kuongozea inatumia volti 24. Ndani ya programu, mwanafunzi anaweka mita kwenye A1 na A2, yaani kwenye koili, batani ikiwa imebonyezwa. Anasoma volti 24. Kisha anachagua "badilisha ovalodi", yaani kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, kwa kufungua kontakti (mguso wa umeme) yake.

Programu ya kawaida itamwandikia: "Si sahihi, jaribu tena." Atajaribu fyuzi, atajaribu batani ya kuzimia, mwisho ataangukia koili na kupewa tiki ya kijani. Kwenye ripoti amefaulu. Kichwani hakuna kilichoingia, maana hakuna aliyemwuliza kwa nini aligusa ovalodi wakati umeme umeshafika kwenye koili.

Mfumo unaofuata hatua utamjibu vingine: "Umepima A1–A2 ukapata 24. Kontakti 95–96 ya ovalodi ingekuwa imefunguka, hapo ungesoma ngapi?" Mwanafunzi akijibu sifuri, ameshajisahihisha mwenyewe. Akijibu 24, mfumo umegundua kwamba tatizo lake si ovalodi bali haelewi umeme unavyopita kwenye vifaa vilivyofuatana, na utamrudisha kwenye mazoezi ya hapo. Hii ndiyo maana ya mfumo kuwa na akili: unahesabu hatua na kukisia kilicho nyuma ya kosa. Sauti ya kike inayomwita mwanafunzi kwa jina haihusiki.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye namba. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alikusanya tafiti zilizolinganisha wakufunzi wa kompyuta na ufundishaji usio na mkufunzi wa namna hiyo. Athari hapa ni tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika. Mifumo inayosahihisha jibu la mwisho tu ilipata athari ya 0.31. Inayofuata hatua ilipata 0.76. Mkufunzi binadamu anayekaa na mwanafunzi mmoja alipata 0.79. Ukiwapanga wanafunzi 100 kwa alama, yule wa katikati akipewa mfumo wenye athari ya 0.31 anafika mahali pa kuwapita 62 hivi; akipewa wa 0.76 anawapita 78 hivi. Kwa hiyo neno "kompyuta" peke yake halikuambii kitu. Wauzaji wengi hutaja namba ya Benjamin Bloom ya mwaka 1984, kwamba kufundishwa mmoja mmoja kunampandisha mwanafunzi kwa michepuko sanifu 2, yaani awapite 98 kati ya 100. Ukisikia hiyo, kumbuka Bloom alikuwa anasema habari za walimu binadamu, na wanafunzi wake hawakuruhusiwa kwenda mada inayofuata kabla hawajaimudu iliyopo.

Jaribu mwenyewe kabla ya mkataba. Kaa kwenye programu dakika 20 na ufanye makosa matatu ya makusudi: kosa la kizembe (soma mita vibaya), kosa la dhana (lile la ovalodi hapo juu), na njia sahihi isiyo ya kawaida, kwa mfano kuanza kupima katikati ya saketi badala ya mwanzo. Ujumbe ukiwa uleule kwa makosa mawili ya kwanza, mfumo huo unasahihisha majibu, haufundishi. Ukikuadhibu kwa kuanzia katikati ni hatari zaidi, maana fundi mzuri hugawa saketi nusu kwa nusu, na programu itamfundisha kuacha.

Jaribio liandikwe kabla ya kuifungua programu

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe lina namba. James Kulik na J. D. Fletcher walipitia tathmini 50 za mifumo yenye akili na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Athari ya katikati ilikuwa 0.66. Lakini walipotenganisha majaribio yaliyotungwa na wenye utafiti kwa kufuata kilichofundishwa na yale ya kawaida yanayotumika kwa watu wote, ya kwanza yalionyesha 0.73 na ya pili 0.13. Mtihani unaofanana na programu humpendelea aliyefundishwa na programu. Jaribio la muuzaji basi likatae, hata akilitoa bure.

Andika lako hivi. Kaa na mafundi wawili wazoefu, orodhesheni hitilafu za stata zinazotokea kazini kweli:

- fyuzi ya saketi ya kuongozea imeungua;
- kontakti 95–96 ya ovalodi imefunguka na haijarudishwa;
- kontakti ya kushikilia, 13–14, haifungi, kwa hiyo kontakta inavuta ukibonyeza na kuachia ukitoa kidole;
- koili imekatika: volti zipo A1–A2 lakini kontakta kimya;
- fezi moja imekatika, mota inaunguruma haizunguki;
- batani ya kuzimia imekwama ndani;
- terminali imelegea, tatizo linakuja na kuondoka.

Chagua 4 za jaribio. Angalau moja isiwe kwenye programu kabisa, na ikiwezekana iwekwe kwenye paneli ya staa-delta, aina nyingine ya stata, ambayo hawajaigusa. Hiyo ndiyo inayoonyesha kama mtu amejifunza kufikiri au amekariri mlolongo. Ya terminali iliyolegea tunaipenda sana kwa kazi hii, kwa sababu haibahatishiki.

Kila hitilafu ipewe dakika 10 na alama 5: moja kwa kueleza dalili kabla ya kugusa kitu, moja kwa kupima mahali panapogawa saketi, moja kwa kusoma mita sawasawa, moja kwa kutaja kifaa kibovu kabla ya kukifungua, na moja kwa kurekebisha na kujaribu tena. Anayegusa waya bila kuzima na kuhakikisha kwamba umezimika anapata sifuri kwa hitilafu hiyo, hata akiipata. Jumla ni 20, igeuze asilimia. Wanafunzi 48, kila mmoja dakika 45 pamoja na kupanga upya paneli, kwa paneli 4, ni saa 9. Zigawe siku mbili, wasimamizi wasichoke.

Hitilafu huwekwa kwa swichi ndogo zilizofichwa nyuma ya paneli. Karatasi ya gundi juu ya kontakti nayo inafanya kazi, ila huonekana kwa mwenye macho makali, na mwanafunzi wa tatu atakuwa ameshawaambia wenzake. Upande wa nguvu usiunganishwe kabisa: hitilafu ya fezi ipimwe kwa omu umeme ukiwa umezimwa, dalili ikiwa imeandikwa kwenye kadi.

Wasimamizi wawili wapime watu 6 wa kwanza kwa pamoja, kila mmoja na karatasi yake, bila kusemezana. Wakitofautiana zaidi ya alama 2 kwa mtu mmoja, maelezo ya alama hayajaeleweka. Yaandikeni upya kabla ya kuendelea. Na msimamizi asijue nani ametoka kundi gani. Akijua, mkono wake utaegemea upande mmoja hata kama ni mtu mwadilifu.

Kugawa watu, na wangapi wanatosha

Bila kundi la kulinganisha huna kipimo. Wanafunzi wakipanda kutoka 40 hadi 70 baada ya wiki 6 za kompyuta, huenda wangepanda hivyohivyo kwa wiki 6 za mkufunzi na ubao.

Fanya jaribio la awali, fupi, hitilafu 2 tu. Panga majina kwa alama kutoka juu hadi chini, chukua wawili wawili, kila jozi rusha sarafu: mmoja kompyuta, mwingine njia ya kawaida. Usiwaache wachague. Wanaopenda kompyuta mara nyingi ni wale ambao wangefanya vizuri popote. Usigawe kwa madarasa pia, darasa A kompyuta na darasa B ubao, maana hapo unawapima walimu wawili.

Kuhusu idadi, hesabu ya kitakwimu haina huruma. Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona athari ya 0.8 kama ipo, unahitaji watu 26 kila kundi. Kwa athari ya 0.5 unahitaji 64 kila kundi. Kwa 0.2 ni karibu 400, na hilo chuo kimoja hakiliwezi. Mwenye wanafunzi 30 kwa mkupuo afanye mikupuo miwili au mitatu kwa utaratibu uleule kisha aunganishe, au akubaliane na chuo jirani.

Muda wa makundi yote mawili uwe sawa kwa saa, na uandikwe. Kosa la kawaida ni kundi la kompyuta kuongezewa jioni kwa sababu maabara iko wazi. Mwisho wa siku umepima saa za ziada ukadhani umepima programu. Nywila ziwe za mtu mmoja mmoja, la sivyo wiki ya pili kundi la ubao litakuwa linaingia kwa majina ya rafiki zao. Waahidi tangu mwanzo kwamba nao watapewa programu jaribio likiisha, na uitimize ahadi hiyo.

Chumba

Kompyuta ya mezani na skrini yake huvuta kati ya wati 100 na 200. Zikiwa 20 ni kilowati 2 hadi 4, kabla ya feni. Kama umeme wa eneo lako unakatika, seva iwe ndani ya chumba na ipewe betri yake ya dharura pamoja na ruta. Kompyuta za wanafunzi zikizima si msiba ilimradi mfumo unahifadhi kila hatua. Hili lijaribu kwa mkono: katikati ya zoezi, chomoa waya wa umeme. Washa tena. Mwanafunzi akirudishwa mwanzo wa somo badala ya hatua aliyokuwapo, programu inahifadhi mwisho wa somo tu, na kila umeme ukikatika utapoteza mafunzo na kumbukumbu za jaribio kwa pamoja.

Vipindi vya dakika 50, mara 3 kwa wiki, vinatosha. Tunapendekeza zoezi la kompyuta lifuatwe na paneli halisi siku hiyohiyo, hata kwa nusu saa. Programu inafundisha maamuzi: upime wapi, usome nini, uache nini. Haifundishi mkono kukaza terminali wala sikio kusikia kontakta inayotetema.

Mkufunzi asitoke chumbani. Kazi yake inabadilika: anazunguka na orodha ya waliokwama kwenye ujuzi uleule kwa mazoezi 3 au zaidi, anakaa nao dakika 5. Utafiti mkubwa wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, juu ya programu ya aljebra ya Cognitive Tutor katika majimbo 7 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona faida yoyote mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili shule za sekondari za juu zilipata athari ya 0.20. Anayepima muhula wa kwanza na kukata tamaa, au kushangilia, amepima mapema.

Vidokezo, na mwanafunzi mjanja

Mifumo mingi ina vidokezo vya ngazi 3: cha kwanza kinaelekeza, cha pili kinafafanua, cha tatu kinatoa jibu. Mwanafunzi anagundua siku ya pili kwamba akibonyeza haraka mara tatu jibu linakuja lenyewe. Kwenye kumbukumbu za mfumo anaonekana hivi: kidokezo cha 1 saa 3:14:05, cha 2 saa 3:14:06, cha 3 saa 3:14:07, jibu sahihi 3:14:10. Hakuna binadamu anayesoma sentensi mbili kwa sekunde moja.

Toa kumbukumbu hizo kila Ijumaa na uhesabu, kwa kila mwanafunzi, mara ngapi kidokezo kilifuatwa na kingine ndani ya sekunde 3. Anayefanya hivyo kwenye zaidi ya robo ya hatua zake mwite. Usimkaripie kwanza. Mara nyingi kidokezo kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu na kijana ameona bora asubiri jibu. Dawa ya upande wa mfumo ni kuchelewesha kidokezo cha pili kwa sekunde 15 hivi, na hatua iliyokamilishwa kwa kidokezo cha mwisho isihesabiwe kuwa imejulikana.

Kuhusu lugha, tafsiri vidokezo kwa maneno ya karakana: fezi, kontakta, ovalodi, koili. Mfasiri asiye fundi ataleta istilahi za kamusi ambazo hata mkufunzi hazijui. Kwamba programu ya Kiswahili inaweza kubeba mzigo wa kufundisha ilionekana Tanga: katika shindano la Global Learning XPRIZE lililofungwa mwaka 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijijini walitumia vishikwambi kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Kusoma si kutafuta hitilafu, lakini aliyeshindwa kusoma kidokezo hatafika kwenye hitilafu.

Mfumo unaamuaje kwamba mtu "anajua"?

Swali hili muulize muuzaji, na usikubali ajibu kwa neno "algoritimu". Njia iliyoenea zaidi ilitengenezwa na Albert Corbett na John Anderson huko Pittsburgh miaka ya 1990. Kwa kila ujuzi, mfumo una namba nne: uwezekano kwamba mtu alikuwa anaujua tangu mwanzo, uwezekano wa kuupata baada ya kila zoezi, uwezekano wa kubahatisha bila kujua, na uwezekano wa kuteleza ingawa anajua. Makadirio yakifika 0.95, ujuzi unahesabiwa umeshikwa na mazoezi yake yanasimama.

Hesabu yenyewe fanya kwa kikokotoo. Mwanzo 0.40, kujifunza 0.15, kubahatisha 0.20, kuteleza 0.10. Mwanafunzi anapatia. Anayejua na hakuteleza: 0.40 × 0.90 = 0.36. Asiyejua akabahatisha: 0.60 × 0.20 = 0.12. Gawa 0.36 kwa jumla ya hizo mbili, 0.48, unapata 0.75. Ongeza nafasi ya kujifunza: 0.25 × 0.15, karibu 0.04. Sasa ni 0.79. Akipatia tena, kwa hesabu ileile anafika 0.95. Mazoezi mawili, amekwisha.

Sasa tazama panapoharibika. Zoezi lina machaguo mawili tu, "koili nzima" au "koili mbovu", na waliotengeneza wameacha kubahatisha kukiwa 0.20. Lakini kwenye machaguo mawili kubahatisha ni 0.50. Ukirudia hesabu kwa 0.50, mwanafunzi huyohuyo anahitaji kupatia mara 5 mfululizo ndipo avuke 0.95. Kwa mpangilio wa 0.20, mtu asiyejua kitu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupatia mara mbili mfululizo na kutangazwa fundi. Ripoti itajaa rangi ya kijani, jaribio la paneli litakuwa limelala, na wewe utadhani jaribio lako ni gumu.

Kwa hiyo omba orodha ya ujuzi na namba zake nne. Muuzaji asiyeweza kuitoa, omba angalau idadi ya machaguo kwa kila zoezi na mara ngapi lazima mtu apatie. Halafu linganisha mwenyewe: waliotangazwa kuujua ujuzi wa koili, wangapi waliipata hitilafu ya koili kwenye paneli? Wakiwa nusu tu, kipimo cha ndani hakifai kutoa vyeti.

Kuhesabu matokeo

Toa jaribio la mwisho ndani ya siku 3 baada ya mafunzo, na lingine lenye hitilafu tofauti baada ya wiki 6. La pili ndilo lenye thamani kazini. Lile la kwanza hupima kumbukumbu mbichi.

Tuseme kundi la kompyuta lina watu 24, wastani 71, mchepuko sanifu 12. La ubao lina 24, wastani 64, mchepuko 14. Kwenye Excel wastani hutolewa na AVERAGE na mchepuko na STDEV.S. Endelea hivi:

1. Zidisha kila mchepuko kwa wenyewe: 144 na 196. Wastani wake ni 170. Kipeuo chake cha pili ni 13.04.
2. Toa wastani kwa wastani: 71 − 64 = 7.
3. Gawa: 7 ÷ 13.04 = 0.54. Hiyo ndiyo athari.
4. Tafuta ukingo wa kosa. Kwa makundi ya 24 na 24 na athari kama hii, kosa sanifu (kadirio la jinsi athari inavyoweza kuyumba kwa bahati tu) ni karibu 0.294. Zidisha kwa 1.96: 0.58.

Athari halisi basi iko mahali fulani kati ya −0.04 na 1.12. Yaani programu inaweza kuwa bora sana, au isiwe na faida yoyote. Hiyo si sababu ya kuitupa wala ya kuinunua. Ni sababu ya kupima mkupuo mwingine. Ripoti inayosema "wamepanda alama 7" bila hatua ya 4 irudishe mezani kwa aliyeiandika.

Angalia pia waliotoka katikati. Kundi la kompyuta likianza na watu 30 na kumaliza na 24, huku la ubao likibaki 29 kati ya 30, wale 6 walioacha huenda ndio waliokuwa wanashindwa, na wastani umepanda kwa sababu hawapo. Wasake waje wafanye jaribio hata kama waliacha mafunzo.

Faida yenyewe huwa wapi

Kwenye mafunzo ya kazi, faida kubwa mara nyingi iko kwenye muda kuliko kwenye alama. Fletcher, aliyechambua kwa miaka mingi mafunzo ya jeshi la Marekani, ana kanuni yake ya theluthi: ufundishaji wa kompyuta hupunguza gharama kwa theluthi moja hivi, na ama huongeza ujuzi kwa theluthi au hupunguza muda kwa theluthi. Kozi ya wiki 12 ikiwa wiki 8 kwa alama zilezile, kiwanda kimerudishiwa fundi wake mwezi mzima.

Sababu nyingine ni hitilafu adimu. Mfumo wa Sherlock, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa mafundi wa vifaa vya kupimia elektroniki za ndege za F-15, uliwapa saa 20 hadi 25 za mazoezi, na wakafikia kiwango cha wenye miaka 4 hivi ya uzoefu kazini. Kazini, hitilafu ngumu huja mara chache, na ikija anaitwa mzee wa karakana huku kijana anashika tochi. Kwenye kompyuta kijana anakutana nazo 10 kwa wiki, na hakuna mashine iliyosimama kumsubiri. Jeshi la majini la Marekani nalo lilipata matokeo ya namna hiyo: mafundi wa kompyuta waliofundishwa wiki 16 kwa mkufunzi wa kidijitali aliyefadhiliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, waliwashinda kwenye majaribio mafundi waliokuwa kazini kwa wastani wa miaka kama 9.

Kwa sababu hiyo, kozi ambayo hitilafu zake zote ni za kila siku na paneli zipo za kutosha haina haja kubwa ya mfumo huu. Nunua waya na kontakta.

Gharama ziweke kwa kila aliyefaulu jaribio la wiki ya 6, usizihesabu kwa kila aliyejiandikisha: leseni, kompyuta zikigawanywa kwa miaka utakayozitumia, umeme, betri, na saa za mkufunzi. Saa za mkufunzi wauzaji huziacha, wakidai kompyuta imechukua kazi yake.

Mkataba uwe na vipengele vitatu. Kumbukumbu ghafi za kila hatua ni mali ya chuo na zinatolewa kama faili linalofunguka kwenye Excel. Mkufunzi anaweza kuongeza hitilafu na kubadili maneno ya vidokezo bila kumwita muuzaji. Na sehemu ya mwisho ya malipo, tunashauri isiwe chini ya theluthi, inalipwa baada ya jaribio la wiki ya 6, lile lililoandikwa na mafundi wako.